Gazeti Juu ya Injini

Wazee wengi hukalia viti. Huyu wangu alikalia injini.

Alikuwa akiingia yadi ya injini kuukuu, anaitazama ile ambayo mteja wake anataka kununua, anaizunguka, anaigusa, anainusa, anaamuru iwashwe, anaamuru izimwe. Akiridhika hasemi neno. Anatoa gazeti mfukoni mwa koti, analitandaza juu ya injini, analilainisha kwa kiganja kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda, anageuka, anavuta suruali magotini ili pasi isivunjike, anakaa. Basi. Hapo mteja analipa, vijana wa kubeba wanaleta mnyororo, na habari inatoka yadi hii inaingia ile: Jaduong' ameikalia.

Tulimwita Jaduong', kama Wajaluo wanavyomwita mzee wa heshima. Hata sisi tusio Wajaluo hatukuwa na jina lingine la kumpa. Alikaa Gatwekera, kule Kibera, na kazi yake ilikuwa moja: kumjulisha mnunuzi kama injini anayoonyeshwa ni kweli ile inayosemwa. Maana kwenye biashara yetu kila injini ni ya Japani. Hata iliyotolewa jana kwenye pikapu ya kubeba kabeji, ikipigwa rangi ya fedha, inakuwa imeshuka meli asubuhi.

Mnijue na mimi ninayeandika, maana mtu asiyejisema husemwa vibaya. Shule niliacha darasa la sita. Nairobi niliingia na viatu vya kuazima, nikaosha injini za watu kwa dizeli mpaka ngozi ya mikono ikabanduka, na leo ukishuka steji ya Kawangware 46 ukauliza injini, hata mama wa mahindi choma atakunyooshea kidole kwenye geti langu. Kwetu Magharibi nimejenga nyumba ya mawe. Watoto wangu wanasoma shule zenye basi. Sikushikwa mkono na mjomba wala mchungaji. Kwa hivyo mimi si mtu wa kumvulia mtu kofia haraka. Kwa huyu mzee niliivua, na mpaka leo sijairudisha kichwani.

Alikuja Kawangware kwa miguu. Kutoka Gatwekera anapanda, anapita Ayany, anashika njia yake taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mji alioujenga mwenyewe. Ukimpigia honi umbebe, anakataa. "Nikipanda gari lako nitasikia injini yake," anasema, "halafu niumwe kichwa bure na sijalipwa." Akifika getini anatoa leso, anafuta vumbi kwenye viatu, anarudisha leso, ndipo anaingia. Shati jeupe. Koti. Miaka yote niliyomjua, yeye akiingiza mkono kwenye matumbo ya injini hizi zetu zinazotapika oili, sijawahi kuona doa kwenye lile shati. Sisi tukipita tu karibu tunachafuka.

Na msidanganywe na uzee wake, hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alipenda kutazamwa. Watu wakiwa wachache anajifanya anatafuta miwani mpaka wajae. Alisema mbele ya kila mtu, "Nairobi hii ina madaktari wengi. Wa injini ni mimi. Mwingine bado anazaliwa." Mimi mwenyewe najisifu, nakubali, lakini majisifu yangu huwa nayasema kisha natazama kando nione nani amecheka. Yake aliyasema kama mtu anayekwambia ni saa ngapi.

Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kutazama. Alikuwa akiweka kiganja juu ya injini na kukiacha hapo. Anaisikia kama ina joto. Muuzaji mjanja huiwasha injini mbovu mapema, ikachemka, ikalainika, ili mteja akija iwake mara moja bila moshi wa kwanza, ule moshi unaosema ukweli. Jaduong' akikuta joto anauliza, "Hii ilikuwa inangoja nani?" Muuzaji akisema tulikuwa tunaijaribu tu mzee, anajibu, "Injini inayokupokea ikiwa moto ilijua unakuja." Anakaa kando mpaka ipoe kabisa. Hata ikichukua nusu siku, atasoma gazeti lake.

Namba aliisugua kwa chaki. Kipande cha chaki nyeupe kilikaa mfuko wa shati siku zote, kama mwalimu. Ile sehemu ya bloku iliyogongwa namba ya injini, akipaka chaki na kufuta, mikwaruzo ya tupa inabaki nyeupe kama kovu. Na kama namba ya zamani imefutwa ikagongwa mpya, aliona. "Namba za kiwandani," alisema, "husimama kama wanafunzi wakiimba wimbo wa taifa. Za nyundo ya Kawangware husimama kama walevi wakirudi nyumbani. Mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja ameegemea mwenzake." Alimwambia mteja, injini ya namba za walevi ukiipeleka kubadilishiwa kitabu cha gari, utalala ndani kwa polisi wewe, si aliyekuuzia.

Halafu nati. Anapitisha kucha kwenye kona za kila nati. Iliyowahi kushikwa na spana ina alama, hata ukiipaka rangi. Injini ambayo haijawahi kufunguliwa, nati zake za juu zina kona kali kama za siku ya kwanza. "Rangi ni nguo," alisema. "Mimi nauliza aliyevaa."

Lakini iliyotutoa jasho ni ile ya njiti ya kiberiti. Alikuwa akichokonoa kona ya ndani kabisa, nyuma, mahali ambapo maji ya kuosha hayafiki, anatoa uchafu kidogo, anauweka kwenye ukingo mweupe wa gazeti. Anautazama. Ukiwa wa kijivu au mweusi, anaendelea. Ukiwa mwekundu, amemaliza. Udongo wetu mwekundu, huu wa Kawangware na Dagoretti unaokufuata mpaka kitandani, ulimfikia Mjapani lini? Injini ikiwa nao kwenye kona, imezunguka barabara za hapa hapa, na hiyo meli unayoambiwa haikuwahi kuipanda.

Tukajua siri hiyo. Tukaanza kuosha injini kwa mashine ya maji ya nguvu, mpaka kona zote zikang'aa. Akaja, akachokonoa, njiti ikatoka safi. Akamtazama muuzaji. "Mtu anayeoga saa hizi," akamuuliza, "anaenda wapi?" Akakataa.

Basi jirani yangu mmoja wa yadi, mtu wa kwetu Magharibi kama mimi, ambaye ulimi wake ni mkubwa kuliko geti lake, akapata akili. Hii sikuisikia kwa mtu, niliiona kwa macho yangu. Akaosha injini, akaikausha, kisha akachukua jivu jikoni kwa mkewe, jivu zuri laini la maganda ya maharagwe, akalipaka kwenye kona zote kwa mswaki. Vumbi la Japani hilo. Jaduong' akachokonoa. Kijivu safi. Akainua njiti karibu na jicho, akanusa, halafu akafanya jambo ambalo hatukuwa tumeliona: akaliweka kwenye ulimi. Akameza mate.

"Hii," akasema, "mngepikia mrenda."

Jamani. Kila mtu wa Magharibi pale alijua anachosema, maana sisi mboga yetu ya mrenda huilainisha kwa maji ya jivu, na mama yako alikulea kwa ladha hiyo hiyo. Watu walicheka wakalala juu ya matairi. Yule jirani yangu mpaka leo tunamwita Mrenda, hata wateja wake wanamwita hivyo bila kujua sababu. Lakini mimi sikucheka kama wengine. Nilisimama nikamtazama yule mzee nikasema moyoni, huyu si mtu wa kushindana naye. Huyu ni wa kusomea.

Sasa, nimesema akikubali alikalia. Akikataa je? Hapo ndipo utu wake ulipo. Utani alifanya, lakini hakusema mbovu. Hakusema mwizi wewe. Alifunga vifungo vya koti, akamgeukia muuzaji, akamuuliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Watu wa nyumbani wazima?"

Mteja aliyemleta alikuwa ameshafundishwa njiani kwamba akisikia salamu hiyo aanze kutembea kwenda getini. Muuzaji naye anajibu, wazima mzee, na hakuna aliyetukanwa. Siku inayofuata mnasalimiana. Nilimuuliza baadaye kwa nini hasemi waziwazi. Akasema, "Kesho nitarudi yadi hiyo hiyo na mteja mwingine. Muuzaji niliyemwaibisha atanificha vitu. Niliyemsalimia atanifungulia geti."

Mara ya kwanza aliponiuliza mimi, nilikuwa ndiyo nimepata injini yangu ya kwanza ya kuuza, na sikujua mila hiyo. Nikafurahi, mzee mzima ananijali! "Wazima kabisa Jaduong'," nikaanza. "Mama alikuwa anaumwa mguu lakini umepona. Ng'ombe amezaa. Ndugu yangu mdogo ameoa, tena msichana wa kanisa letu..." Naeleza, naeleza, yeye ananisikiliza huku anatikisa kichwa kwa heshima, na mteja wangu ameshavuka barabara. Majirani waliokota maneno hayo. Kwa miezi nikipita walikuwa wananiuliza, "Niaje boss, na ng'ombe anaendeleaje?"

Msifikiri alikuwa malaika. Yule ambaye hakuna muuzaji wa injini aliyewahi kumdanganya, mchuuzi yeyote wa saa alimdanganya. Alinunua saa za dhahabu barabarani kila mara, zikafa kila mara. Nilimwona na saa mkononi imesimama, naye akiitazama kwa fahari. Nikamwambia, "Jaduong', hiyo ni feki." Akaniangalia kama nimemtukania ukoo. "Wewe mtu wa Magharibi, mla kuku," akasema, "unajua nini kuhusu saa?" Nikamjibu, "Na wewe mtu wa ziwa, mla samaki, ulijuaje kuhusu jivu?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Kwenye drafti alikuwa mchezaji mbaya na mshindwa mbaya zaidi. Akifungwa anasukuma ubao, vifuniko vya soda vinaruka, anasema jua lilikuwa linampiga machoni. Vijana wakimwambia "Niaje mzae," anajibu, "Sijambo, nyanya yako je?" na hatembei mpaka asalimiwe vizuri. Na ajabu kuliko zote: hakujua kuendesha gari. Hata kidogo. Siku moja Mrenda akamtania, "Mzee, unapima injini na hata gia ya kwanza huijui?" Jaduong' akamjibu bila kugeuza shingo: "Daktari wa meno hatafuni kwa meno yako."

Na gazeti. Alilinunua kila siku na kulitumia lote. Ukurasa wa michezo ndio aliopimia pumzi ya injini: inapowaka, anafungua kifuniko cha juu cha kutilia oili, analaza kipande cha karatasi juu ya tundu. Injini ambayo pistoni zake zimelika inapumua kwa mdomo, karatasi inaruka kama kuku. Nzima inaitetemesha tu. Kurasa za matangazo ya vifo hakuzichafua kamwe, alizikunja akaziweka mfuko wa ndani, karibu na moyo, awasomee watu wa Gatwekera jioni nani amefariki kule nyumbani. Na kurasa za siasa ndizo alizokalia. "Hizi," alisema, "zinafaa hapo."

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Yadi zote za Kawangware aliwahi kukaa. Hata kwa Mrenda, baada ya jivu lile lote, aliikalia injini moja, na Mrenda akapiga picha, akaitundika ofisini juu ya kalenda. Kwangu hakuwahi. Alikuja, akapima, akanisalimia. Akaja tena, akanisalimia. Niliuza injini nyingi kuliko wote, sisemi uongo, lakini kwa wateja waliokuja bila yeye. Nilikuwa nanunua kwa mabroka, naletewa fungu zima, humo nzuri na mbaya zimelala pamoja kama mapacha, na kila alipokuja mkono wake uliangukia ile iliyolala vibaya. Nina nyumba, nina lori, nina jina. Lakini wanaume wakikaa jioni kuhadithiana ni lini Jaduong' alikalia injini zao, mimi nilikuwa naondoka kwenda kununua maji. Kiti hicho kilinikosesha raha kama mwiba wa samaki kooni.

Basi nikajifundisha. Kila alipopima kwa jirani nilikuwa ukutani, natazama mkono wake. Nikanunua chaki. Nikaacha mabroka. Makontena yakifunguliwa kule Industrial Area, nilikwenda mwenyewe, nikapiga magoti kwenye saruji na njiti yangu ya kiberiti, vijana wa pale wakanicheka, "Buda, unatafuta dhahabu?" Wacha wacheke. Injini mbaya nikaziacha hapo hapo. Siku moja nikapata ya dizeli, ya pikapu, nikaipima tangu asubuhi. Niliipenda kama mtu anavyompenda mtoto aliyefanana naye. Nikaileta yadi, sikuipaka rangi, sikuiosha, nikaifunika turubai. Nikawa namngoja mzee.

Hakuja. Tukasikia anaumwa. Tukasikia yuko kwao kando ya ziwa. Tukasikia amerudi lakini macho hayaoni vizuri. Msimu ukapita, na turubai likashika vumbi.

Kisha wakaja wamama wa kikundi cha Gatwekera, wale wanaokodisha hema na viti vya matanga. Nilikuwa nawajua kwa sifa. Pikapu yao ilikuwa imeuziwa injini mbovu iliyopakwa rangi, na ikafia njiani ikipeleka hema msibani. Mvua iliwanyeshea waombolezaji na marehemu wao. Tangu siku hiyo simu zao hazikulia. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, aliniambia bila kuzunguka: "Baba, pesa hii ndiyo ya mwisho tuliyochanga. Hii nayo ikifa, kikundi kimekufa. Hatununui mpaka Jaduong' aikalie."

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Ako nje."

Alikuwa nje, juu ya boda. Yeye ambaye hakupanda kitu! Nikaenda mwenyewe kumshusha. Koti lilikuwa lile lile lakini mwili ulikuwa umehama ndani yake. Macho yalikuwa na ukungu. Akasimama getini, akatafuta leso, akainama kufuta viatu, na nikaona inavyomchukua muda kuinuka tena. Sikumshika. Kuna watu huwezi kuwashika mbele za watu.

Habari ilikuwa imeshazunguka. Majirani wote walikuwa ukutani kwangu, Mrenda mbele kabisa. Nikavuta turubai. Jaduong' akatembea mpaka kwenye injini yangu, akaweka kiganja juu yake, akasimama kidogo. Halafu akageuka, akakaa.

Wamama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akatoa simu kwenye kifua ili atume pesa. Vijana wa mnyororo wakaanza kuja. Mrenda akanipigia kelele toka ukutani, "Leo umetoboa, buda! Piga picha! Piga picha!"

Na mimi nilisimama. Nilichokingojea miaka yote kilikuwa kimekaa mbele yangu na shati jeupe. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mfuko wa koti. Gazeti lilikuwa bado limo humo, limekunjwa. Hakuwa amelitandaza. Suruali ya pasi ilikuwa imekaa juu ya chuma chenye mafuta, na magoti ndani yake yalikuwa yakitetemeka kama karatasi kwenye tundu la oili.

Nikainama karibu na sikio lake.

"Jaduong'," nikasema polepole, "umeikalia, ama umechoka?"

"Magoti, omera, ndugu yangu," akasema. "Magoti tu."

"Hawa watu wanafikiri umekubali."

"Na wewe unafikiri nini?"

"Mimi naona bado hujaiona."

Akageuza yale macho yenye ukungu akanitafuta usoni. Kisha akanyoosha mkono. "Basi niinue."

Nikamwinua. Nikamwambia mwenyekiti, "Mama, rudisha simu. Mzee hajaanza."

"Kwani nini tena?" akashtuka.

"Alikuwa anapumzika."

Vigelegele vikakatika kama redio iliyokatiwa stima. Toka ukutani nikasikia Mrenda akisema, na hakujaribu kuificha sauti, "Huyu jamaa ni fala sana. Amekaliwa, anamtoa mwenyewe!" Kiti nilikitaka, kweli. Lakini nilitaka kile chenye gazeti.

Akaanza. Nami nimeona watu wakubwa wakifanya kazi kubwa, nimeona wahandisi wakisimamisha magorofa, sijaona kitu kama mchana ule. Macho hayakumsaidia, kwa hivyo alitumia vingine vyote. Alipaka chaki, akafuta, akapitisha kidole gumba kwenye namba, moja moja, midomo ikitembea kama anayesoma sala. "Wanafunzi," akasema, na nikajua ni nzuri. Alichokonoa kona kwa njiti, akaweka uchafu kwenye kidole, akausugua, akanusa, akaonja, akatema kwenye leso. Akapita kwenye nati, kucha juu ya kona, kucha juu ya kona. Akafika nyuma, chini, akasimama.

"Hii imefunguliwa," akasema.

Wamama walitazamana. Nikapiga magoti, nikaweka kidole pale kilipokuwa chake. Nikaijua. Nilikuwa nimeiona siku ile ya kontena.

"Ni ya kushikilia injini kwenye gari," nikamwambia. "Waliifungua wakiitoa."

"Na kama isingekuwa imefunguliwa?"

"Ningeuliza ilitokaje ndani ya gari."

Hakunisifu. Aliguna tu, lakini mguno ule ningeubadilisha na lori langu.

Tukaiwasha, ikiwa baridi kama ilivyolala. Ikakohoa moja, ikashika. Akachana kipande cha ukurasa wa michezo, nikafungua kifuniko, akakilaza juu ya tundu. Wote tukasogea. Mwenyekiti alikuwa amefumba macho, nadhani alikuwa anaomba. Karatasi ikatetemeka. Kona yake moja ikainuka, ikabaki hewani, na nikaona maisha yangu yote yameshikilia kona ile ya karatasi. Ikashuka. Ikatulia pale ikitetemeka taratibu, kama jani la mti wakati hakuna upepo wa maana. Alikuwa haioni. Alikuwa ameweka kidole pembeni yake, anaisikia.

"Zima."

Nikazima. Akafunga kifungo kimoja cha koti. Akanigeukia, na akafungua mdomo, na mimi mwili wote ukaingoja ile salamu ya watu wa nyumbani.

Alikuwa anakohoa tu.

Akakifungua tena kile kifungo. Akatoa gazeti. Akatafuta kurasa za vifo kwa vidole, nikamsaidia, akazikunja akaziweka mfuko wa ndani. Zilizobaki akazitandaza juu ya injini yangu, akazilainisha kwa kiganja, upande huu na upande huu, akahakikisha kona. Akavuta suruali magotini. Doa jeusi la kwanza nililowahi kuliona kwenye nguo zake lilikuwa nyuma, pale alipokaa mwanzo.

"Nishike," akaniambia.

Nikamshika mbele za watu wote, nikamteremsha. Akakaa. Akaweka mikono mapajani, akapumua.

"Sasa nimekaa," akasema.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Vijana wa mnyororo walikuja, wakafika karibu, wakasimama na mnyororo mikononi. Mwenyekiti alikuwa analia bila sauti. Mrenda alivua kofia. Injini ilitakiwa kubebwa, pikapu ya wamama ilikuwa inangoja fundi, na jua lilikuwa linaelekea kushuka nyuma ya maduka, lakini hakuna mtu, hata mimi mwenye yadi, aliyethubutu kumwambia ashuke. Tukamngoja apumzike.